Kompyuta Isiyolala: Jinsi ya Kuchagua Mashine Inayokula Umeme Kidogo



Somo letu la leo ni juu ya kompyuta. Huenda mkata miwa au mwendesha mashine ya kufuma akauliza, mambo hayo yanamhusu nini? Yanamhusu sana. Daftari la wanachama, orodha ya ada, hesabu ya kilo za majani ya chai alizochuma kila mtu, na barua za malalamiko yaliyopelekwa kwa mwajiri, vyote hivi siku hizi huwekwa ndani ya kompyuta. Na matawi yetu mengi hayana ofisi. Mwajiri ana ofisi na ana kompyuta, lakini hakuna tawi lenye akili timamu litakaloweka daftari lake katika mashine ya mwajiri. Basi kompyuta ya tawi hukaa nyumbani kwa katibu, sebuleni, chini ya televisheni, na huwashwa kwa Yaka ya katibu.

Tawi moja ninalolifahamu lilipewa kompyuta kubwa ya mezani bure na mtu mwenye moyo mwema. Wote walifurahi. Ikawekwa nyumbani kwa katibu iwake usiku na mchana, ili wanaotoka zamu ya usiku waweze kuangalia hesabu zao kwa simu saa yoyote wapitapo. Mwezi wa pili mke wa katibu akaanza kuizima kila jioni. Alikuwa na haki kabisa, kwa maana fedha za Yaka zilikuwa zikiisha kabla ya tarehe 20, na watoto walisoma kwa mshumaa. Halafu umeme ukawa unakatika na kurudi, unakatika na kurudi, mpaka siku moja diski ikakataa kuwaka. Ada za miezi mitano zikapotea. Mwajiri alipoleta orodha yake ya makato, tawi halikuwa na orodha ya kuilinganisha nayo. Ikabidi kukubali tarakimu za upande mmoja.

Kosa halikuwa la mama yule wala la katibu. Kosa lilikuwa katika kuchagua mashine. Tujifunze, basi, namna ya kuchagua.

KAZI YENYEWE NI NDOGO

Kompyuta ya namna hii huitwa seva, yaani kompyuta inayozitumikia nyingine. Wewe huketi mbele yake mara chache. Yenyewe hukaa kimya, na simu au kompyuta nyingine huiuliza: nipe orodha ya wanachama wa kitengo fulani, pokea picha ya barua hii, niambie ada ya mwezi wa Machi ya fulani. Ikijibu, hurudi kungoja.

Wauzaji watakuambia kwamba seva lazima iwe mashine kubwa yenye nguvu. Hebu tupige hesabu kabla ya kuwasikiliza. Tuseme shamba la chai lina wachumaji 500, na kila mmoja anaandikiwa kilo zake kila siku kwa siku 300 za mwaka. Hiyo ni mistari 150,000. Kila mstari ukiwa na herufi 100, jumla ni herufi milioni 15. Nafasi hiyo ni kama ya picha nne au tano za simu ya kisasa. Mwaka mzima wa jasho la watu 500 waingia katika nafasi ya picha nne! Kompyuta iliyotengenezwa miaka kumi na mitano iliyopita yaweza kazi hiyo bila kutoka jasho. Picha za barua na mikataba huchukua nafasi kubwa zaidi, lakini hizo nazo hazihitaji nguvu, zahitaji kabati tu.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe, ina nguvu kiasi gani? Swali la kwanza liwe, inakula wati ngapi inapongoja?

Neno hilo, inapongoja, ndilo zito. Fikirini mlinzi wa usiku getini. Twamlipa kwa kusimama pale usiku kucha. Hatumlipi kwa idadi ya wezi aliowakamata. Seva ni hivyo hivyo. Katika saa 24 pengine inafanya kazi ya kweli kwa dakika chache, na saa zilizobaki imesimama getini. Umeme inaokula ikiwa imesimama ndio utakaoulipia.

WATI NA YUNITI

Wati ni kipimo cha jinsi kifaa kinavyokula umeme kwa kasi. Yuniti moja unayonunua kwa Yaka ni wati 1,000 zilizotumika kwa saa moja. Taa ya wati 10 ikiwaka saa 100 imekula yuniti moja. Hakuna siri nyingine.

Ili kupata gharama ya mashine isiyolala, zidisha wati zake kwa 24, gawanya kwa 1,000, utapata yuniti za siku moja. Zidisha kwa 30, utapata za mwezi. Kisha zidisha kwa bei ya yuniti. Katika somo hili nitatumia shilingi 800 kwa yuniti ili hesabu iwe nyepesi. Wewe usitumie bei yangu, tumia yako: chukua ujumbe wa Yaka wa mara ya mwisho, gawanya fedha ulizotoa kwa yuniti ulizopata. Umeme ya zamani iliondoka mwisho wa Machi 2025 baada ya miaka 20, na UEDCL ikashika usambazaji. Bei hubadilika kila inapopangwa upya. Tena kumbuka kwamba yuniti chache za kwanza za mwezi hutozwa kwa bei nafuu kwa wenye nyumba. Hizo zimekwisha kuliwa na taa na redio zako. Seva inakuja juu yake, hivyo ihesabiwe kwa bei kamili.

Kompyuta ya zamani ya mezani, hata bila kioo chake, yaweza kula wati 80 ikingoja. Hiyo ni yuniti 57.6 kwa mwezi, yaani shilingi 46,080. Kompyuta ya mapajani inayokula wati 20 itatumia yuniti 14.4, shilingi 11,520. Mashine ndogo ya wati 10 itatumia yuniti 7.2, shilingi 5,760. Na ile ya wati 5 itatumia shilingi 2,880.

Sasa, ndugu, ziwekeni tarakimu hizo kando ya tarakimu nyingine mnayoijua. Kima cha chini cha mshahara katika Uganda kiliwekwa mwaka 1984, nacho ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kuweka utaratibu mpya wa kima cha chini, lakini Rais hakuutia sahihi. Kwa hiyo, kwa kipimo hicho cha sheria, kompyuta ya zamani chini ya televisheni inakula kila mwezi mshahara wa watu zaidi ya saba. Ile ya wati 10, ambayo hata haioti joto ukiigusa, inamaliza karibu mshahara mzima wa mtu mmoja. (Na ukikumbuka kwamba mwaka 1987 sarafu yetu iliondolewa sifuri mbili, utaona kwamba hata hiyo 6,000 inahesabiwa kwa ukarimu.) Jambo hilo lina somo lake, nalo si la leo. Kwa leo yatosha kusema kwamba shilingi 46,080 kwa mwezi si fedha ya kuiacha iungue katika nyumba ya mfanyakazi bila mtu kuitazama.

KIBANDIKO CHA NYUMA KINAPOTOSHA

Watu wengi hugeuza mashine, husoma nyuma yake au kwenye chaja, wakaona wati 300, wakakimbia. Au wakaona wati 65 wakadhani ndiyo matumizi. Kibandiko kinaonyesha uwezo wa juu kabisa wa chaja ile. Hakisemi mashine inakula kiasi gani. Lori la tani 7 halibebi tani 7 kila siku. Siku nyingine linabeba dereva na turnboi tu. Chaja ya wati 65 yaweza kulisha kompyuta ya mapajani inayokula wati 12 muda mwingi wa siku.

Kinyume chake pia ni hatari. Siku hizi kuna mashine ndogo za mezani zenye chipu ya Intel iitwayo N100, na muuzaji atakuambia, hii ni ya wati 6. Hizo 6 ni kiwango cha chipu peke yake. Mashine nzima, pamoja na diski na chaja, hungoja kwa wati 6 hadi 12 hivi, na ikifanyishwa kazi nzito hupanda zaidi ya 20. Bado ni mashine nzuri sana. Lakini jueni mnachonunua.

Njia ya hakika ni kupima. Kipo kipimo kidogo kinachochomekwa ukutani, nawe ukachomeka kompyuta ndani yake, kikakuonyesha wati. Matawi matatu au manne yakichanga yanaweza kununua kimoja na kuzungushana. Asiye nacho atumie mita yake. Mita nyingi zina taa ndogo nyekundu inayomweka, na pembeni imeandikwa 1000 imp/kWh au tarakimu nyingine. Zima kila kitu nyumbani isipokuwa kompyuta. Friji ichomoe kabisa, maana hujiwasha yenyewe na kuharibu hesabu. Kisha hesabu sekunde kutoka mmweko mmoja hadi mwingine. Kama mita ni ya 1000, gawanya 3,600 kwa sekunde ulizopata. Ukingoja sekunde 45, mashine inakula wati 80. Ukingoja dakika sita, yaani sekunde 360, inakula wati 10. Mita ikiwa ya 1600, gawanya 2,250 badala ya 3,600. Kwa wale ambao mita yao iko juu ya nguzo barabarani, msipande! Tazameni salio kwenye kile kifaa cha ndani usiku mnapolala na alfajiri mnapoamka, mfanye hivyo usiku mmoja kompyuta ikiwa imewashwa na mwingine ikiwa imezimwa, kisha mtoe tofauti. Haitakuwa sahihi sana, ila itawaonyesha kama ni simba au paka.

MASHINE ZILIZOPO

Kompyuta ya zamani ya mezani nimeshaisema. Hupatikana kwa bei rahisi, hata bure, na ndiyo mtego wake. Tuseme hiyo yauzwa shilingi 250,000 na mashine ndogo ya wati 10 yauzwa 500,000. Mkutano wa tawi utapiga kura kununua ya 250,000, na kila mtu ataona ameokoa fedha za chama. Lakini tofauti ya umeme kati ya mbili hizo ni shilingi 40,320 kwa mwezi. Mwezi wa saba ile ya bei rahisi imeshakuwa ghali, nayo itaendelea kuwa ghali kila mwezi mpaka ife. Iacheni ofisini kwa kuandikia barua mchana, kisha izimwe.

Kompyuta ya mapajani iliyotumika ndiyo ninayoipendekeza kwa matawi mengi, na sababu yangu kubwa ni betri yake, hata kabla ya kuhesabu wati. Umeme ukikatika haitambui hata kidogo. Inaendelea kwa saa moja au mbili, na ikiona betri inakwisha inajizima kwa heshima, bila kuumiza diski. Lile tawi nililolitaja lingekuwa na kompyuta ya namna hii, orodha ya ada ingekuwapo hadi leo. Kioo kikizimwa, nyingi hula kati ya wati 8 na 20. Yapo mambo matatu ya kuangalia. Muulize fundi aipange ili ukifunga kifuniko isilale. Tazama betri kila mwezi. Ukiona imevimba na kuinua kibodi, iondoe siku hiyo hiyo, maana betri iliyovimba huweza kushika moto. Tatu, usiifunike kwa kitambaa cha kudarizi. Najua inapendeza, lakini nayo inapumua.

Ziko pia zile kompyuta ndogo zilizokuwa zikitumika katika mabenki na maofisi makubwa, ambazo hazikuwa na diski ya maana kwa sababu kazi zote zilifanyika kwenye mashine kuu. Ofisi zinapozibadilisha huuzwa kwa jumla. Nyingi hula wati 5 hadi 12, na nyingi hazina feni. Usidharau jambo la feni. Feni huvuta hewa, na hewa ya Kampala wakati wa kiangazi, hasa kando ya barabara ya murramu au karibu na kiwanda cha saruji, ni vumbi tupu. Mashine isiyo na feni haina mdomo wa kumeza vumbi, wala mlango mkubwa wa mende kuingilia. Mtaongeza diski isiyozunguka, basi.

Mwisho kuna bao dogo la kompyuta liitwalo Raspberry Pi, lililoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012 kwa ajili ya kuwafundishia vijana. Ni kama kadi ya kuchezea karata kwa ukubwa, na aina zake nyingi hungoja kwa wati 2 hadi 4. Chipu yake ni ya ukoo wa ARM, ukoo ule ule ulio ndani ya simu zetu. Ukoo huo una kisa chake. Mwaka 1985 wahandisi wa kampuni ya Acorn huko Cambridge, wakiongozwa na Sophie Wilson na Steve Furber katika usanifu wake, walipoijaribu chipu ya kwanza walikuta kipimo cha umeme kinasoma sifuri, na huku chipu inafanya kazi. Wakatafuta, wakagundua kwamba waya wa kuilisha haukuwa umepata umeme kabisa. Chipu ilikuwa ikiishi kwa umeme kidogo uliokuwa ukivuja kutoka nyaya za ishara. Wajukuu wake wamerithi tumbo dogo.

Ubaya wa Raspberry Pi ni kadi ya kumbukumbu. Kadi hizo hazikutengenezwa kuandikwa usiku na mchana, na umeme ukikatika katikati ya kuandika, kadi huharibika. Anayeitumia aweke daftari katika diski isiyozunguka iliyounganishwa kwa waya, na anunue chaja yake halisi, si ya simu. Pamoja na hayo, haina betri, na bei yake ikishafika Kampala, ukiongeza kasha, chaja na diski, hukaribia ya kompyuta ya mapajani iliyotumika. Mwenye fundi karibu na mwenye jua juu ya bati ataipenda. Wengine waanze na ya mapajani.

Kuhusu diski, neno moja tu. Diski kubwa inayozunguka hula wati 5 au zaidi peke yake, ndogo ya mapajani hula wati 1 au 2, isiyozunguka hula chini ya wati 1 inapongoja. Haina maana kununua mashine ya wati 5 kisha kuifunga mgongoni diski ya wati 6. Na kile kifaa cha kurusha Wai-Fai nacho hakilali, nacho hula wati 5 hadi 10. Kihesabuni.

UMEME UNAPOKATIKA

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba bwawa la Owen Falls, linaloitwa sasa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na ya kwamba Uganda ni nchi ya maji na umeme. Mwaka 2012 likaja Bujagali, megawati 250, na mwaka 2024 Karuma ikazinduliwa, megawati 600. Lakini umeme kuwako Karuma ni jambo moja, na kuwako Namuwongo saa mbili usiku mvua ikinyesha ni jambo jingine. Nguzo huanguka, transfoma huungua. Seva ya nyumbani ichaguliwe kwa kujua hivyo.

Hapa ndipo wati chache hulipa mara ya pili. Tuseme umeme umekatika saa nane mfululizo. Mashine ya wati 80 na Wai-Fai ya wati 8 zataka wati-saa 704. Betri kubwa ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi haifai kunyonywa zaidi ya nusu, kwa hiyo ina 600 tu za kutumia. Haitoshi! Tena utahitaji inveta, na inveta yenyewe hula sehemu yake. Sasa chukua mashine ya wati 10 na Wai-Fai ile ile: wati 18 kwa saa nane ni wati-saa 144. Betri ndogo ya ampea-saa 26 inatosha. Na vifaa hivi vingi hutumia volti 12, kwa hiyo fundi aweza kuviunganisha na betri moja kwa moja bila inveta, akihakikisha volti zinalingana.

Kwa jua ni hivyo hivyo. Wati 18 kwa siku nzima ni wati-saa 432. Tukikadiria saa nne za jua kali kwa siku, na theluthi moja kupotea njiani, paneli ya wati 200 itatosha. Kwa ile ya wati 88 utahitaji paneli za wati 800. Nani kati yetu ana bati la kuzibeba, na nani atalala usingizi zikiwa juu?

Umeme unaporudi huja kwa kishindo. Kile kifaa kinachouzwa cha kulinda friji, kinachongoja dakika chache kabla ya kuruhusu umeme, kinafaa kabisa kwa kompyuta. Nunueni.

KWA NINI TUSIWEKE KWA WENYE MASHINE KUBWA NG'AMBO?

Ndugu mmoja aliuliza swali hili mkutanoni, na ni swali zuri. Yako makampuni ya ng'ambo yanayotunza mafaili kwa watu wote, mengine bila malipo kwa kiasi kidogo. Kwa nakala ya akiba, ni sawa. Lakini kila anayetaka kuyaona lazima awe na bando, na mchuma chai hana bando kila siku. Seva iliyo nyumbani hujibu simu iliyo karibu kwa Wai-Fai bila bando lolote.

Tena kumbukeni Januari 2021. Wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima tangu usiku wa tarehe 13 hadi tarehe 18. Siku hizo, aliyeweka daftari lake ng'ambo hakuwa na daftari. Aliyekuwa nalo sebuleni aliendelea na kazi kama kawaida, kwa sababu simu na seva zilizo katika nyumba moja hazihitaji kupita ng'ambo ili kusalimiana.

Jambo hili si geni Uganda. Mwaka 2007, watu wa Acholi wakiwa bado katika kambi kwa sababu ya vita, Jimbo Kuu Katoliki la Gulu lilianzisha mradi ulioitwa BOSCO. Kambi hazikuwa na umeme. Wakachagua kompyuta zinazokula umeme kidogo, wakazilisha kwa paneli za jua na betri, wakaziunganisha kambi kwa kambi kwa mitambo ya redio ya masafa marefu, watu wakaweza kuandikiana na kuzungumza ndani ya mtandao wao. Kama wangechagua mashine kubwa zilizokuwa zikitolewa zawadi wakati ule, zisingewaka hata siku moja. Walianza na umeme waliokuwa nao, ndipo wakatafuta mashine inayolingana nao. Sisi mara nyingi huanza kinyume.

Lakini seva ya sebuleni ina hatari zake: mwizi, moto, mtoto na kikombe cha chai. Kwa hiyo kila juma nakala iwekwe katika diski ndogo na kukaa nyumbani kwa mweka hazina, mtaa mwingine. Diski zote mbili zifungwe kwa neno la siri. Majina ya wanachama, namba zao za simu na malalamiko yao ni amana, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya habari za watu azilinde. Orodha ya waliolalamika ikimfikia msimamizi wa shamba, sheria itakuja baadaye. Barua ya kufukuzwa itatangulia.

NANI ANALIPA?

Hili halizungumzwi, ndiyo maana linaleta ugomvi. Mashine ya tawi ikila umeme wa katibu, katibu anakilipia chama ada mara mbili, na familia yake inalipa bila kuulizwa. Hata shilingi 5,760 ni sabuni na chumvi ya nyumba. Tawi lipime wati za mashine na za Wai-Fai, lipige hesabu, liandike kiasi hicho katika kumbukumbu za mkutano, na mweka hazina atume fedha hizo kwa Yaka ya nyumba ile kila mwanzo wa mwezi. Apewe mama mwenye nyumba nakala ya hesabu. Katibu akibadilishwa, mashine ihame, na malipo yahame nayo.

MAZOEZI YA KUFANYA KATIKA TAWI

Kompyuta ya tawi lenu inangoja kwa wati ngapi? Ipimeni kwa mita au kwa kipimo, msikisie.

Tawi la kiwanda limepewa kompyuta ya mezani bure, inayokula wati 90. Wanachama wana shilingi 450,000 za kununua kompyuta ya mapajani inayokula wati 15. Kwa bei ya yuniti mnayolipa ninyi, baada ya miezi mingapi fedha hizo zitakuwa zimerudi?

Umeme wa mtaa wenu ulikatika kwa saa ngapi katika juma lililopita, na mara moja iliyokuwa ndefu kuliko zote ilikuwa saa ngapi? Ni betri ya ampea-saa ngapi ingeivusha seva yenu?

Nakala ya mwisho ya daftari la wanachama iliwekwa lini, na iko nyumbani kwa nani?